Leso ya Mzee Siwale

Nimerudi jana kutoka Tunduma matangani, na tangu nirudi sijafanya kitu cha maana. Nimekaa tu. Magoti yananiuma kwa kulala mkekani siku nne, mgongo nao unadai haki yake. Mwanangu wa mwisho amenipikia uji, nimekunywa nusu nikamwambia aniache. Nilipomwambia aliyefariki ni mama mwenye nyumba wangu wa zamani alishangaa. "Mama, siku nne chini kwa ajili ya mama mwenye nyumba?" Ndiyo, siku nne. Ningemwambia nini zaidi? Kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilicheza dansi na mume wa marehemu, mbele ya macho ya marehemu, tena kwa kufundishwa na marehemu mwenyewe? Watoto wa siku hizi wakisikia dansi wanafikiria spika zinazotikisa mabati. Hawajui kwamba kuna watu walifunga tai saa kumi jioni, wakaenda kwenye godauni la mahindi, wakainamiana kwa heshima kabla ya kushikana mikono. Nimechoka kueleza mambo, na hili nimelinyamazia miaka mingi mno. Basi nitaliandika, mwenye kusoma asome.

Ulikuwa mwaka ule maduka ya Tunduma yalipoanza kujaa tena. Sabuni na sukari tulizokuwa tukizipangia foleni zikawa zimepangwa rafuni kama hazikuwahi kupotea, na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota, waziwazi, mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Ruanda, hii ya Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa, kuja kujifunza ushonaji kwa Fundi Rehema. Alikuwa na vyerehani viwili barazani, njia ya kuelekea mpakani, na kazi yetu kubwa ilikuwa kupunguza magauni ya kizungu yawatoshe watu wetu. Fundi Rehema alikuwa mkali. Mkunjo ukienda upande alikufumulia yote, na alikuwa na usemi wake: hakuna kitambaa kinachotoka kwangu kikiwa uchi, maana yake lazima ukitie pambo, hata kama ni mshono mmoja wa urembo pembeni. Ulimi wake nao ulikuwa mrefu kuliko tepu yake ya kupimia. Ukikaa naye siku moja umejua habari za Tunduma nzima, na za ng'ambo ya mpaka juu yake.

Nilipanga chumba uani kwa Mzee Siwale. Mlango ukiufungua unagonga kitanda, na dirisha lilitazama jiko la mkaa la mkewe, kwa hiyo nilijua wanakula nini kabla hawajala. Lakini sebule yao ndiyo niliyoipenda. Kulikuwa na kabati la vyombo lenye ufa kwenye kioo, viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, na pembeni, chini ya shuka nyeupe, gramafoni ya kuzungusha kwa hendeli. Mzee aliitoa Kopabelti, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Ujana wake wote aliumalizia migodini kule. Alikuwa Mnamwanga mrefu, mkavu, mwenye kikohozi alichorudi nacho pamoja na gramafoni. "Kule shimoni tulikuwa tunatoka weusi hatujuani," alikuwa akisema. "Lakini Jumamosi, Esta! Jumamosi ungetuona! Ukumbi una bendi, tarumbeta nne, saksofoni, na huingii bila tai." Huko ndiko alikompata mkewe, Mbemba mnene wa haiba, ambaye wote tulimwita Bana Chanda, yaani Mama Chanda, kwa jina la binti yao aliyekuwa ameolewa Zambia. Watu walisema wawili wale wakiingia ukumbini wengine walikuwa wakisimama kuwatazama. Mimi sikuyaona hayo. Nilipofika kwao Bana Chanda alikuwa tayari ameanguka na kuumia nyonga, anatembea kwa fimbo, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi.

Jioni moja nilikuwa chumbani kwangu nikiwasikia kupitia ukutani. Bana Chanda alikuwa anamfukuza mumewe aende dansini, naye hataki. "Nenda. Mgonjwa ni mimi, wewe miguu yako mizima." Mzee akasema, "Nikacheze na nani? Wake za wenzangu wananikanyaga." Nikasikia kijiko kikikwangua sufuria. "Kuna huyu mtoto wa uani," Bana Chanda akasema. "Huyu wa Mbozi?" Mzee akajibu. "Huyu anatembea kama anapalilia kahawa!" Wakacheka wote wawili mpaka Mzee akakohoa. Nilikasirika, nikasema moyoni, wazee gani hawa wasio na adabu. Nikalala bila kuwaaga. Asubuhi Bana Chanda akagonga mlango wangu kwa fimbo, akaniita kwa Kibemba chake. "Iwe, mwana! Njoo sebuleni. Vua viatu."

Alinifundisha miezi mitatu akiwa amekaa kitini. Viti vitatu vilisogezwa ukutani, Mzee akashika hendeli, sindano ikakwaruza, halafu tarumbeta zikalia, na Bana Chanda akagonga sakafu kwa fimbo yake: "Pole... pole... haraka-haraka. Pole... pole... haraka-haraka. Awe, awe! Si hivyo! Mabega yanalala, mabega si mzigo wa kuni!" Ile aliiita foksitroti. Baadaye likaja walsi, la kuzunguka, halafu kwikstepu na swingi, ambazo Mzee alizipenda kuliko zote ingawa kifua kilimkatalia. Sebule ilikuwa ndogo: hatua nne na umefika kwenye kabati. Nikazoea kugeuka pale pale, kwa kifupi, na hata nilipofika ukumbini penye nafasi ya kugeuza lori niliendelea kugeuka kana kwamba kabati lile la vyombo liko mgongoni mwangu. Watu walidhani ni mtindo. Baada ya somo tulikula pamoja, ugali wa ulezi na maharage, na kama Bana Chanda ameridhika alikata chikanda, ile ya mizizi na karanga, akanipa kipande cha katikati. Kama hakuridhika nilipata cha pembeni. Hakusema neno, ila sahani ilisema.

Sasa nieleze habari ya leso, maana bila hiyo hamtanielewa. Wanaume wa dansi lile walikuwa na desturi ya kushika leso nyeupe katika kiganja cha kulia, ile ya mfukoni, ili mkono usiguse mgongo wa mwanamke moja kwa moja na jasho lisichafue gauni lake. Hiyo ilikuwa ya wote. Lakini wastaafu wale wa migodi walikuwa na yao ya ziada. Mwanamume akitaka kucheza na mwanamke ambaye si mkewe, na mkewe yumo ukumbini, kwanza huenda mbele ya mkewe, huikung'uta leso ifunguke yote, humwonyesha. Mke akiikubali kwa kichwa, basi dansi lile ni halali na hakuna wa kusema kitu. Leso yenyewe lazima awe ameifua na kuipiga pasi yeye mke. Ndiyo ruhusa yake. Hivyo kila Jumamosi asubuhi Bana Chanda aliwasha pasi ya mkaa, akaweka leso mezani, akaipiga pasi kwa vidole vile vilivyokakamaa, taratibu, akiuma midomo. Siku ya kwanza nilipotaka kumsaidia alinipiga mkono. "Toka. Ninyi mna miguu. Hii ndiyo sehemu yangu ya dansi."

Ukumbi wetu ulikuwa godauni la mahindi lililobaki tupu, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa siku hizo wanayafuata mahindi shambani wenyewe. Harufu ya mahindi ilibaki ukutani, na harufu ya dawa ya wadudu. Saa kumi Mzee alitangulia na mshumaa na kikwaruzio cha nazi, akakwangua nta sakafuni, akaisambaza kwa gunia ili sementi iteleze. Saa kumi na moja wenyewe wakaanza kuingia: wastaafu wa migodi na wa reli, walimu wawili, karani mmoja wa ushuru, wake zao, suti za kizamani zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa magotini. Vijana wenzangu walichungulia dirishani wakatucheka. Hawakujua wanachokikosa. Mimi niliyejua tu kutembea kama ninapalilia, nikiwekewa mkono wenye leso mgongoni na tarumbeta zikianza, nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa mwepesi. Sijawahi kuwa mwepesi hivyo tena, si harusini kwangu, si popote. Bana Chanda alikaa kwenye kiti chake karibu na gramafoni, fimbo magotini, na kila tukipita mbele yake nilimwona midomo ikihesabu. Nililijua jambo hili tangu mapema, nalo ndilo linalonisumbua hadi leo: nisipocheza mimi Mzee hachezi, na Mzee asipocheza Bana Chanda hana sababu ya kutoka ndani ya nyumba ile.

Mwaka ukaelekea mwisho. Kwetu Ruanda kulikuwa na barua ya posa iliyokuwa njiani, kijana wa watu wema, Wamoraviani kama sisi, na shangazi yake mmoja alikuwa anakaa hapo hapo Tunduma. Fundi Rehema alinionya huku anauma uzi. "Esta, cheza, lakini jua watu wana macho. Leo leso ya mkewe inakulinda. Siku isipokuwepo, utajibu nini?" Nikamwambia itakosekanaje. Nikacheka hata.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na baridi ya Tunduma mnaijua. Bana Chanda aliamka na maumivu. Mchana nilimkuta amejilaza kwenye mkeka sebuleni, macho amefumba, vidole amevikunjia kifuani, na pasi imeshawashwa, mkaa ni mwekundu. Leso iko mezani, ile ya siku zote, aliyoinunua Kopabelti enzi za ukumbi wao. Nikamtazama. Nikasema, masikini mama huyu, leo nimpumzishe. Nikaichukua pasi nikaiweka juu ya leso. Sikuijaribu kwanza. Nilikuwa mwanafunzi wa fundi, napiga pasi kila siku, lakini kwa Fundi Rehema pasi zetu zilikuwa za uvuguvugu kwa sababu ya nailoni za mitumba. Hii ilikuwa ya moto wa kupigia suti. Nilisikia harufu kabla sijaona. Nilipoinyanyua, katikati ya leso kulikuwa na alama ya kahawia, ncha ya pasi nzima, imechorwa vizuri kabisa. Nikamgeukia Bana Chanda. Macho bado amefumba. Nikashukuru Mungu. Nikaisokomeza leso chini ya gunia la mkaa jikoni na nikatoka mbio kwenye mvua.

Kwa Fundi Rehema hapakuwa na mtu, alikuwa ameenda kuchukua robota. Nikafungua kapu la mabaki, nikapata kipande cha shuka nyeupe, nikakata, nikakunja kingo, nikashona kwa cherehani. Ikatoka leso nzuri, saizi ileile. Ningeishia hapo leo ningekuwa na habari nyingine. Lakini ilikuwa uchi, na mimi nilikuwa nimefundishwa mwaka mzima kwamba kitambaa hakitoki uchi. Nikachukua uzi mwekundu na sindano, nikadarizi ua dogo pembeni. Halafu herufi S chini ya ua. Mtauliza, hukujua? Nilijua! Msichana gani wa kwetu asiyejua? Leso ya kudariziwa ua msichana humpa mmoja tu, na akishampa hana la ziada la kumwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshona moja ya kumsubiri yule mchumba wa barua. Ua lilelile, uzi uleule. Mkono ulikwenda pale ulipozoea kwenda, na akili yangu ilikuwa kwenye mkaa na harufu ya kuungua. Nilipomaliza niliona ua likiwa limenitazama, na saa ilikuwa imeshafika tisa na nusu. Nikajisemea, itakunjwa kiganjani, nani atalifungua. Upumbavu gani huu! Miezi yote ile nilikuwa nimemwona akiifungua kila Jumamosi.

Nikampa Mzee leso mlangoni mwa godauni, imekunjwa mara nne, kana kwamba nimetumwa na mkewe. Hakuitazama, akaitia mfukoni. Watu walikuwa wengi siku ile kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, na yule shangazi wa mchumba alikuwepo, amekaa juu ya gunia na mwenzake, amekuja kutazama. Bana Chanda alikuwa kitini pake. Aliletwa na Mzee mkono kwa mkono, hatua kwa hatua, na alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha bluu. Walsi la kwanza likawekwa. Mzee Siwale akatembea mpaka mbele ya mkewe, akasimama wima, akaingiza mkono mfukoni, akaikung'uta leso. Ikafunguka yote. Ua likawa upande wa watu.

Nakumbuka santuri juu ya gramafoni ikiendelea kuzunguka peke yake. Mzee aliiangalia leso, akaniangalia mimi, akamwangalia mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia mjini kwake. Bana Chanda aliinama mbele, akalishika ua kwa vidole vyake viwili, akalitazama kwa muda mrefu. Halafu akakubali kwa kichwa. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Chezeni."

Tukaanza. Tulipopita kwenye magunia nilimsikia shangazi yule: "Mke amekaa, mke mwenzie anazunguka!" Mwenzake akajibu, "Ameshonewa na herufi yake kabisa. Hawa watoto wa mitumba hawa." Mbele kidogo mwingine akasema, masikini yule mama, atafanyaje na mguu ule. Masikio yalikuwa yananiwaka. Mzee akaniinamia, akasema polepole, "Hesabu, Esta. Usiwasikilize. Moja, mbili, tatu." Nikahesabu. Nikafika mbele ya kiti cha Bana Chanda na nikamtazama ili nione midomo yake, na midomo yake ilikuwa inatabasamu. Nikadhani ni tabasamu la uchungu. Nilidhani ananisuta, kwamba amenilisha na kunifundisha na sasa ananiangalia nilivyo. Sikuweza. Nikauondoa mkono wangu begani kwa Mzee, nikamwacha katikati ya sakafu, mkono wake bado uko hewani na leso kiganjani, tarumbeta zinalia, watu wote wanatazama. Kumwacha mwanamume katikati ya dansi, kwa watu wale, ni kumtukana. Nilijua hilo pia. Nikatoka nje bila viatu, vikabaki ukutani nilipovivua ili nicheze.

Jumapili wazee walipokwenda kanisani nilihamisha vitu vyangu kwa Fundi Rehema. Sikuwaaga. Wiki ile Bana Chanda akatuma mtu: Esta aje, nina neno naye. Nikasema nitakuja. Akatuma tena. Nikasema nitakuja kesho. Mara ya tatu alimtuma jirani mtu mzima, mama mwenye heshima zake, nikamwambia naumwa. Nilikuwa nimelitunga neno hilo kichwani mwangu, najua kabisa atakalosema, na kila nikilitunga lilikuwa kali zaidi. Mwezi haujaisha nikarudi Ruanda. Shangazi alikuwa ameshapeleka maneno, wazazi wa kijana wakasitasita, mama yangu akalia, lakini mwisho posa ikapokelewa. Niliolewa na mtu mwema. Alikuwa mpole, alipenda kahawa yake na kwaya, na hakuwahi kucheza hata hatua moja, na mimi sikuwahi kumwomba. Nilisikia Mzee Siwale amefariki kwa kifua miaka michache baadaye. Sikwenda. Nilikuwa na sababu, mtoto alikuwa na surua. Kila mara nina sababu. Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi miaka yote hii hapa Vwawa, Tunduma iko pale, malori yanapita mlangoni kwangu yakielekea huko, na nikiwa na shughuli za huko nilipita njia ya nyuma, nisiione nyumba yao.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu na Chanda mwenyewe, yule binti, ambaye sasa ana wajukuu. Alirudi kumuuguza mama yake. "Mama amepumzika," akasema. "Alisema Esta aambiwe." Sijui namba yangu aliipata wapi. Nikaenda. Nilikuta nyumba ileile, ukuta umepakwa rangi ya maziwa, na kabati la vyombo lenye ufa liko palepale hatua nne kutoka mlangoni. Nililala mkekani na wanawake wengine, nikachambua maharage, nikaosha sufuria, nikaimba wakiimba. Hakuna aliyenifahamu ila Chanda. Siku ya kuanua matanga, wakati nguo za marehemu zinagawiwa, Chanda akaniita chumbani. Akatoa leso mbili zilizokunjwa, akaniwekea mapajani. Moja ilikuwa na ua jekundu. Nyingine ilikuwa na alama ya pasi katikati.

Nikasema, "Hii aliiona lini?" Chanda akacheka, kicheko cha mama yake mtupu. "Siku ileile! Alikuwa macho, dada yangu. Alisikia harufu. Akakusikia unavyohangaika jikoni na gunia, akabana pumzi asije akacheka, maana alisema ungeaibika. Ulivyotoka mbio akajikokota akaitoa. Alikwenda ukumbini akisubiri kuona utakuja na nini. Alipoliona lile ua, alisema, karibu aanguke kitini. Akasema, huyu mtoto amejimaliza mwenyewe, ngoja acheze kwanza, tukifika nyumbani nitamwambia." Nikamuuliza, kwa shida, kama waliendelea na dansi. Akatikisa kichwa. "Baba hakucheza na mtu mwingine. Mwaka mzima Mama aliipiga pasi hiyo yenye ua kila Jumamosi, Baba anafunga tai, wanakaa hapo sebuleni mpaka giza. Wakisikia mlango wa uani wanageuka. Baadaye wakaacha."

Nje wanawake walikuwa wanaitana kugawana vitenge. Nikamuuliza Chanda jambo la mwisho. Nikamwambia, mama yako alinitumia watu mara tatu, mimi sikuja, nilijua ananiita kunitukana. Alitaka kuniambia neno gani?

"Neno?" Chanda akasema. "Si la pasi tu? Alisema wewe ni fundi mzuri lakini hujui pasi ya mkaa. Alitaka kukwambia uwe unaijaribu kwanza kwenye gunia."

Nililia pale mpaka wakaja kunishika. Mama mmoja akawaambia wenzake waniache, labda nilikuwa ndugu wa karibu. Nilijifuta kwa leso ile iliyoungua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Ile ya ua ninayo hapa mezani, mikunjo ya pasi ni ileile aliyoiacha yeye. Leo ni Jumamosi, saa kumi imeshapita, na tangu asubuhi sijainuka kitini ila mara moja. Niliinuka nikasogeza meza ukutani, nikasimama katikati, nikahesabu mpaka tatu, nikageuka kwa kifupi ili nisigonge kabati ambalo sina.